Usalama Unalala Upande Gani

Jumatatu, tarehe 4 Juni

Sikumkatiza Mke Wangu (naandika kwa herufi kubwa, utamu wake bado sijauzoea) alipowatangazia ndugu zake kwamba mumewe ni mwindaji. Ni kweli nilimwambia hivyo wakati wa uchumba. Alikuwa amevaa gauni la njano. Mbele ya gauni lile ningeweza kusema hata mimi ni rubani.

Sasa Baba mkwe ametuita. Nguruwe pori wanalimaliza shamba lake la mahindi. Jumamosi atatupima wakwe zake wawili kwa bunduki yake ya kuwindia. Atakayefaulu atabeba bunduki ya pili msituni. Atakayeshindwa atabeba maji. Mpinzani wangu ni mwanyumba, mume wa dada yake Mke Wangu, fundi matairi, mtu wa kuchekea puani.

Mke Wangu kanishika shavu, kasema atawaonyesha wote alimpata mwanamume wa namna gani. Sibebi maji mimi.

Jumatano, tarehe 6 Juni

Nimekwenda kwa Baba mkwe kujifanya namsalimia. Nikamkuta barazani anaisafisha bunduki. Nikamwambia bunduki yangu ya zamani ilikuwa ya aina nyingine, anikumbushe kidogo. Akanitazama muda mrefu. Akaniita baba, akasema nisogee.

Kumbe ni rahisi. Bolti ni chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele, kama komeo la mlango, kuingiza risasi. Kwenye kisigino cha bolti kuna kibawa kidogo. Huo ndio usalama. Kikilala kulia, pini inayogonga risasi imeshikwa na bolti imefungwa: vuta kifyatulio mpaka uchoke. Kikisimama wima, pini bado imeshikwa, lakini bolti inafunguka, ili utoe risasi bila hatari. Kikilala kushoto, hakuna kilichozuiwa. Ukigusa, inalia.

Akasema ziko bunduki ambazo usalama wake huzuia kifyatulio peke yake, yeye anapenda hii inayoishika pini yenyewe. Akaongeza jambo jingine, kwa sauti nzito, kidole juu. Hilo sikulishika vizuri. Mke Wangu alikuwa anapita na ndoo.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Kulia, wima, kushoto. Asubuhi nimefanya mazoezi kwa komeo la bafuni. Kishikio kimeng'oka, komeo likabaki limefungwa. Mke Wangu alikuwa ndani. Nimemtoa kupitia dirishani, mikononi mwangu, kama bibi harusi. Kasema nimwache aoge kwanza, ana sabuni machoni.

Baadaye nikapata ufunguo wa kila kitu. Ni yeye! Akininunia hunigeuzia mgongo, analala kulia: kila kitu kimefungwa. Akikaa wima kitandani: mazungumzo yanawezekana, mlipuko hapana. Akinigeukia, analala kushoto: moto. Hata nikiamshwa usingizini siwezi kusahau. Mwanyumba ataweza wapi? Mkewe anakoroma chali.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Mvua. Paa linavuja upande wa Mke Wangu, tone moja moja shingoni. Nimempa upande wangu, mimi nikahamia penye tone. Mume ni huyo. Akanigeukia, akasema hajawahi kupendwa hivi. Nimeloa hadi asubuhi na sikujali.

Kesho nashinda.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Ukoo mzima nyuma ya nyumba. Mama mkwe na viti. Mke Wangu na gauni la njano, kwa ajili yangu! Baba mkwe akafungua bolti, akachungulia, akaingiza kidole kuhakikisha hamna kitu, akaelekeza mtutu kwenye kichuguu.

Mwanyumba akaanza. Polepole, kama anafungua nati. Akafaulu. Akanipisha, akaniuliza kama nimeona chupa za maji zilipowekwa.

Zamu yangu. Nikavuta bolti, nikasukuma, mlio mtamu. Baba mkwe akasema kibawa kisimamishe. Wima. Fungua bolti. Ikafunguka. Mama mkwe akapiga makofi. Nikairudisha. Sasa funga kabisa, akasema. Nikamwona Mke Wangu kitandani, amenuna, ananipa mgongo. Kushoto! Vuta kifyatulio, akasema.

Ta.

Baba mkwe akasema kwa utaratibu kwamba hapo nimeshaua mtu. Akauliza nani alinifundisha kushoto.

Ningenyamaza. Lakini nilitaka aelewe kwamba kichwani hesabu ilikuwa sahihi, kosa ni la paa: tangu tubadilishane pande, akininunia analala kushoto. Nikaeleza. Yote. Mgongo, wima, moto, tone, kuhama upande. Mbele ya baba yake.

Mama mkwe akaingia ndani na kiti chake. Baba mkwe akaiangalia mikono yake. Mwanyumba alichekea puani mpaka akakaa chini. Mke Wangu akajifunika uso kwa mkono wa gauni la njano.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Nilibeba maji. Nguruwe mmoja kapatikana, wa mwanyumba.

Njiani Baba mkwe alinisubiri, tukabaki wawili. Akarudia lile jambo la kidole juu: kibawa ni chuma tu, kinaweza kukudanganya. Usalama wenyewe ni chemba ya risasi iliyo tupu, mtutu usioelekea mtu, kidole nje ya kifyatulio. Akasema mtu asiyejua si tatizo, tatizo ni anayesema anajua. Maneno mazito. Nilimhurumia mwanyumba, maana bila shaka alikuwa anasemwa yeye.

Isitoshe, wakati anasema nilikuwa namtazama kwa makini, nikapata ufunguo bora kuliko wa kitanda. Baba mkwe akisinzia kwenye kiti chake cha uvivu, kichwa huangukia kulia: kimefungwa, hata ukimwita haitiki. Akikaa wima, unaweza kuzungumza naye. Akiinamia kushoto, anatafuta fimbo. Na kiti chake hakihami, paa lake ni zima. Tukipimwa tena nitaeleza mbele ya wote, aone heshima niliyompa.

Mke Wangu sasa hivi amekaa wima kitandani, mikono kifuani. Wima: mazungumzo yanawezekana. Nimemwomba amwambie baba yake aiweke bunduki tayari, na mwanyumba aje na chupa zake. Kabla mwezi haujaisha tutakwenda kuwasalimia.