Sherifu Aliyekufa Mara Tano

Jumatatu, 9 Septemba 1974

Habari kubwa! Filamu inaletwa Jumapili. Itaonyeshwa hapa Rambla Seca, katika ukumbi wa parokia, kabla hata ya Madrid. Nimeambiwa na Bi Amparo, mwakilishi wa kampuni, nilipokuwa nikimnyoa dereva wake. Anataka maoni ya watu wa jangwa hili hili ilikopigwa. Kila mtazamaji atapewa kadi yenye maswali matatu: filamu umeionaje, nani amekugusa zaidi, nini kiondolewe. Kadi zinaingia kwenye sanduku. Sanduku linakwenda kwa wakubwa.

Niandike wazi, maana humu nyumbani hakuna anayenielewa. Kwa miaka kumi na miwili nimekufa katika filamu thelathini na moja za kauboi. Nimepigwa risasi, nimechomwa mishale, nimedondoka darini, nimeburutwa na farasi. Hakuna hata mmoja aliyeniona uso. Siku zote mgongo! Siku zote vumbi! Safari hii mimi, Fulgencio Berenguel, kinyozi, ni sherifu. Nina nyota kifuani. Nina sentensi sita za kusema. Nabaki hai hadi mwisho. Jumapili kijiji kizima kitaniona uso, na kitajua ni mtu wa namna gani anayekinyoa.

Ginés wa mikate (vifo thelathini na vitatu, na hachoki kuvitaja) amepita dukani kusema amesikia kwamba filamu yenyewe ni ya kuchekesha. Wivu mtupu. Mwongozaji, Bwana Attilio, alikuwa akiniambia kila asubuhi: uso mkavu, Fulgencio, mkavu zaidi. Nani anaombwa uso mkavu katika vichekesho?

Jumatano, 11 Septemba

Mpango unakwenda vizuri. Nimenyoa watu kumi na mmoja. Nasubiri wembe ufike kooni, ndipo nauliza kwa upole mtu anafikiria kuandika nini kwenye kadi yake. Wote wamekubali kwamba sherifu ndiye atakayewagusa. Padre Anselmo aliuliza kama si dhambi kutoa maoni juu ya kitu usichokiona. Nikamkumbusha kwamba yeye anatusifia mbingu kila Jumapili na bado hajafika huko. Akainua kidevu. Nikamnyoa vizuri.

Kuna jambo dogo, naliandika hapa tu. Siku ya kupiga filamu, karatasi yangu ilisema: risasi inamkosa sherifu, sherifu anatabasamu. Bunduki ikalia, mimi chini. Sikukusudia! Miaka kumi na miwili mwili unasikia bunduki na kulala. Tukarudia. Chini tena. Ya tatu, chini. Ya nne nilijishikilia kwenye nguzo ya baa, tukaanguka pamoja. Ya tano bastola iliyolia ilikuwa yangu mwenyewe. Bwana Attilio alikuwa ameinama, mabega yakimtikisika. Nilimhurumia, maana mikanda ya filamu ni ghali. Bila shaka vipande vile vilitupwa. Ginés hajui lolote. Siku hiyo alikuwa mjini Almería aking'olewa jino.

Jumapili, 15 Septemba

Nimedhalilishwa. 

Nilikaa mstari wa mbele, suti nyeusi, Remedios mke wangu kando yangu na mfuko wake wa mbegu za alizeti. Taa zikazimwa. Uso wangu ukatokea, mkubwa kama mlango wa kanisa. Ukumbi ukashusha pumzi. Kwa dakika nne nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika mkoa huu.

Kisha bunduki ikalia, na mimi chini.

Hapa kwetu anapokufa mtu wa kijiji kwenye filamu, ukumbi mzima husimama, wanaume huvua kofia, na marehemu naye husimama pale alipo akainamisha kichwa. Ni heshima. Tumeifanya tangu filamu ya kwanza. Basi wakasimama. Nami nikasimama, ningefanyaje? Nikainamisha kichwa. Tulipokaa, sherifu akaamka, akajipangusa vumbi, akavuta sharubu zake. Bunduki ikalia. Chini. Watu wakasimama tena, mabega yakiwatikisika. Mara ya tatu walisimama nusu tu. Mara ya nne, ile ya nguzo, hakuna aliyeweza kusimama. Mara ya tano Padre Anselmo alikuwa ameegemea ukuta, machozi yakimtiririka, akiomba maji.

Maanguko yote matano wameyaacha! Wameyapanga! Wameyawekea tarumbeta!

Nikaelewa. Ni filamu ya kuwadhihaki makauboi, na mimi ndiye dhihaka yenyewe. Nimesimama pale kwa dhati yangu yote, na wao wanashika mbavu. Nilimtazama Remedios anitetee. Alikuwa amemwaga mbegu zote sakafuni, anacheka hadi anakwama. Miaka ishirini na sita ya ndoa!

Hata hivyo akili haikunitoka. Bi Amparo anaondoka kesho jioni. Nilijitolea kumtunzia sanduku la maoni mpaka hapo, kwa kuwa mimi ndiye sherifu. Alifurahi sana. Akanibusu mashavu yote mawili.

Jumatatu, 16 Septemba

Duka nimelifunga. Nimesoma kadi zote tisini na nne.

Nani amekugusa zaidi? Kinyozi. Kinyozi anapokufa. Kinyozi anapokufa kwa bastola yake. Nini kiondolewe? Kila kitu kisicho kinyozi. Mjane wa mwashi ameandika kwamba hajacheka tangu amzike mumewe, na kwamba usiku huu atalala. Hana aibu! Watu kumi na mmoja waliokula kiapo chini ya wembe wangu wameandika, ndiyo, kwamba sherifu amewagusa, na kando wamechora mtu amelala miguu juu.

Mbaya kuliko zote ni ya Ginés. Nainakili hapa kama ushahidi: "Mimi nimekufa mara thelathini na tatu na hakuna anayekumbuka hata moja. Huyu tutamkumbuka sote." Tazama dharau hiyo! Anataka nikumbukwe hivi!

Nimezitia zote kwenye jiko la maji ya kunyolea. Nilikuwa na kadi tupu, alizoacha Bi Amparo. Nimeziandika upya tisini na nne, kalamu tatu tofauti, nyingine kwa mkono wa kushoto. "Nimelia kutoka mwanzo hadi mwisho." "Sherifu ana hadhi ya kifalme." "Sikucheka hata mara moja, na anayesema nilicheka ni mwongo." Penye nini kiondolewe: maanguko matano. Na tarumbeta.

Saa kumi na moja Bi Amparo alilichukua sanduku. Haki imetendeka.

Alhamisi, 19 Septemba

Kampuni imepiga simu baa. Simu ilipokewa na mwenye baa mbele ya watu wote, na aliyasema maneno kwa sauti kadiri alivyoyasikia. Kwamba wakubwa wameshtuka. Watazamaji tisini na wanne wa vichekesho, na wote wamelia. Kwamba sherifu ataondolewa mzima, uso na kila kitu. Kwamba walikuwa wamekusudia filamu ya pili, sherifu akiwa ndiye nyota, miezi mitatu ya kazi kwa kijiji kizima, lakini sasa wataipeleka kwingine ambako watu wanajua kucheka.

Mwenye baa akakata simu. Kisha kila mmoja akaapa kwamba hakuandika kitu kama hicho. Kisha wote wakageuka kunitazama.

Sikukana. Nimechoka. Niliwaambia mtu ana haki ya uso wake. Mtengeneza matandiko ya farasi akasema haki yangu imekula kazi yake ya majira ya baridi, na ana watoto wanne. Hilo lilinichoma, sitaficha. Lakini je, nani aliyeanza? Nani aliyecheka?

Remedios hakunipigia kelele. Aliweka sahani mezani akaniambia, "Fulgencio, mimi sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu kwa mara ya kwanza ulikuwa unaamka."

Sijui alikuwa na maana gani. Nimeenda kulala bila kula.

Jumamosi, 21 Septemba

Ginés ameingilia mambo! Bila kuniuliza! Jana alifunga tanuri, akapita nyumba hadi nyumba, watu tisini na watatu, wote ila mimi, wakaandika maoni yao tena. Akapanda basi hadi Almería, iliko ofisi ya kampuni, akiwa bado na unga kwenye nyusi, akamkabidhi Bi Amparo mkononi. Kijiji kimekula mkate wa juzi na hakuna aliyelalamika.

Leo kampuni imepiga simu tena. Sherifu anabaki, na maanguko yake yote matano, na tarumbeta. Watu walicheza barabarani. Nilisimama mlangoni mwa duka nimekunja mikono, nikitumaini kwamba mtu ataniomba radhi. Ginés alipita akaniuliza kama nimekula. Unafiki ulioje.

Jumanne, 24 Septemba

Bwana Attilio amekuja mwenyewe, na mkataba. Nilimpokea kwa baridi. Nilimwambia kuna mtu mmoja katika kijiji hiki ambaye hachezewi mara mbili. Nitatia sahihi kwa sharti moja: filamu ya pili iwe ya dhati kabisa, na isiwe na kichekesho hata kimoja.

Aliweka mkono kifuani. Akasema hiyo ndiyo nia yake tangu mwanzo. Sherifu ameachwa na dunia nzima. Hana farasi wala rafiki. Anavuka jangwa peke yake na bata bukini, na bata huyo hampendi.

Nilimbana hapo hapo. Bata wa nini? Akanieleza kwa utulivu mkubwa kwamba bata ni huzuni. Kisha akaniomba jambo moja tu, nisitabasamu.

Nimetia sahihi. Macho yangu yalikuwa wazi, nimekisoma kila kipengele. Jioni nimeazima bata wa mjane wa mwashi nianze mazoezi uani. Ameniuma mara tatu, mara mbili nyuma. Remedios na majirani wamepanga viti vyao ukutani, na kwa mara ya kwanza wananitazama kimya, wamefunika midomo kwa mikono.

Wameguswa.