Kapeti ya Pijo, Wiki ya Harusi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Imefika! Kapeti ya gari langu, Pijo, imefika! Imetoka Minnesota ndani ya sanduku la mke wa pasta, katikati ya viatu vya watoto. Binti yangu Bosibori, anayeishi huko, ndiye aliyeiagiza. Seti nzima: ya mbele, ya nyuma, ya milangoni. Rangi ya maruni. Mke wangu Mong'ina aliinusa, akasema inanuka kama hoteli kubwa. Mong'ina hajawahi kulala hotelini.

Sasa dada yangu Gladys atasema nini? Alitangaza mbele ya kamati yote ya harusi kwamba binti yake, Mokeira, hatapanda gari lenye tundu sakafuni. Eti matope yatarukia gauni. Eti kama sakafu haitakuwa ya kupendeza kufikia Jumapili, bibi harusi atabebwa na Prado ya Ombati. Ombati! Jirani yangu, mzee wa kanisa, mtu anayesugua magurudumu kwa mswaki.

Mokeira nilimwahidi akiwa mtoto, ameketi kiti cha nyuma cha Pijo hiyo hiyo, kwamba siku ya harusi yake dereva ni mimi. Nikishindwa, sijui nitamtazamaje usoni.

Jumanne, 5 Agosti

Keroka, kwa Owiti, fundi wa viti vya magari. Aliinama, akachungulia ndani, akaiona lami. Akasema kwanza tuchomelee bati, kisha kapeti. Eti nimwachie gari mpaka wiki ijayo. Wiki ijayo! Nikamjulisha kwamba kapeti ya Amerika haihitaji bati la Keroka. Akacheka, akanirudishia ufunguo, akanitakia kila la heri. Nilinunua mkebe mkubwa wa gundi ya viatu nikarudi zangu Kebirigo.

Dawa ya tundu nimeipata jikoni. Sinia ya Mong'ina, ile ya kupakulia wageni. Imekaa juu ya tundu sawasawa, utadhani ilitengenezewa hapo. Kapeti ikilala juu yake, nani atajua? Owiti abaki na bati lake.

Jumatano, 6 Agosti

Pigo! Kapeti ina nafasi za pedali upande wa kushoto. Kumbe huko Amerika usukani uko kushoto. Nikampigia Bosibori. Akanikumbusha kwamba aliniuliza usukani wa Pijo uko upande gani, nami nikamjibu kwamba uko upande wa dereva. Bado sioni kosa katika jibu hilo.

Saa tano, wazo: igeuze juu chini! Kushoto kukawa kulia. Kila kitu mahali pake. Nilijipongeza. Kisha Mong'ina akapita, akauliza kwa nini nimetandika magunia ya majani chai ndani ya gari. Manyoya yote yameenda chini.

Akauliza pia kama nimeiona sinia yake. Nikasema watu wa kamati huazima vitu bila kuaga.

Ombati amepita na Prado, polepole, dirisha wazi. Alinisalimia kwa huruma. Huruma yake siitaki.

Alhamisi, 7 Agosti

Ilikuwa siku yetu ya kuchuma chai. Mong'ina amechuma peke yake. Nilimweleza kwamba chai itaota tena, harusi haioti.

Nimeigeuza kapeti tena, manyoya juu. Nimekata nafasi mpya za pedali kwa kisu cha migomba. Zile za kushoto zimebaki. Gladys atakaa upande huo, miguu yake itapata hewa.

Viti vyote viko verandani. Kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Dalili njema! Mong'ina amezunguka nyumba za majirani akiulizia sinia. Sasa anamshuku mke wa Ombati. Sikumzuia.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo gundi. Inashika! Imeshika kapeti, imeshika sakafu, imeshika ndala yangu ya kushoto. Ndala imebaki chini ya kapeti, mbele, upande wa Gladys. Uvimbe ni mdogo.

Mvua ilinichelewesha. Nilikuwa nyuma, pale penye sinia, nimepiga magoti, Mong'ina alipotokea na kitabu cha nyimbo. Akasema jua limetua, Sabato imeingia. Nikasema halijatua, limejificha tu nyuma ya vilima vya Manga. Akaniambia niweke mkebe chini. Nikauweka. Ukaanguka. Gundi ikatapakaa juu ya kapeti. Nikashika tambara, naye akaniuliza kwa upole kama kupangusa si kazi.

Ni kazi. Nikatoka.

Lakini mkebe umeandikwa kwamba kapeti lazima ikandamizwe kwa uzito mchana kutwa! Kesho siwezi kubeba mawe. Kubeba mawe ni kazi zaidi ya kupangusa. Nimekwisha.

Jumamosi, 9 Agosti

(Naandika baada ya jua kutua. Nina dhamiri.)

Jibu lilinijia katikati ya mahubiri. Watu! Mawe hubebwa, watu hujileta wenyewe. Darasa letu la wazee hukutana kwangu kila Sabato alasiri, nje, kando ya jiko. Mvua ilikuja saa yake ya kila siku, nami nikawakaribisha ndani ya Pijo. Viti havimo, nafasi tele, kapeti ya Amerika! Wakavua viatu, wakaingia, wakaketi chini. Mzee Omwenga, kiongozi wa darasa, ndiye mzito kuliko wote. Nikamweka mbele. Akaibonyeza kapeti kwa kiganja akasema, "Buya mono!" yaani nzuri sana. Nilikaribia kumkumbatia.

Ombati akafika mwisho, ndani ya suti mpya ya rangi ya maziwa aliyoshonewa kwa ajili ya harusi. Akachagua nyuma. Pale pale. Nilikuwa nimesahau gundi iliyomwagika. Kweli nilikuwa nimesahau!

Somo lilihusu uvumilivu. Lilichukua muda mrefu. Wimbo wa kufunga ulipofika, sote tukapiga magoti, ila Ombati. Kichwa chini, jasho linamtiririka. Omwenga akanong'ona tumwache, Bwana anasema naye. Tukamwimbia wimbo mwingine. Tukamwombea. Mwishowe Ombati akatujulisha, kwa sauti ndogo, kwamba suruali yake imeshikwa.

Ukazuka mjadala kama kumkata ni kazi. Omwenga akaamua: ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutolewa, basi na Ombati atolewe. Ombati hakuupenda mfano huo, lakini hakuukataa. Kisu cha migomba kikaletwa. Alirudi kwake akitembea kinyumenyume, kipande cha kapeti kikimning'inia nyuma. Sikucheka. Nilicheka jikoni.

Kisha nikachungulia garini. Kipande alichoondoka nacho ndicho kilichokuwa juu ya sinia. Sinia inang'aa kama taa. Kapeti nyingine hakuna, na harusi ni kesho.

Jumapili, 10 Agosti

Mong'ina alitangulia alfajiri kwa Gladys kupika. Afadhali. Nilirudisha viti, nikatandaza gazeti juu ya sinia, nikaweka na maua juu ya gazeti.

Nilipofika kwake, Gladys alikagua. Akakanyaga mbele, akasema kuna kitu kama mguu chini ya kapeti. Akafungua nyuma. Akainua maua, akainua gazeti. Alimpungia Ombati tu, naye akaileta Prado mpaka mlangoni, amevaa suti yake nyeusi ya misiba.

Hapo Mokeira akatoka, mweupe kichwa hadi miguu. Nilimwendea mwenyewe. Nikamwambia nimeshindwa, mwanangu, nenda na Prado.

Akachungulia ndani ya Pijo. Akauliza sinia ni ya nini. Nikamjibu ni ya kufunika tundu.

"Lakini Mjomba," akasema, "nani alikwambia ufunike tundu?"

Akamgeukia mamake. Kumbe utotoni alipenda Pijo kwa sababu ya lile tundu! Alikuwa akiinama pale nyuma anatazama barabara ikikimbia, mawe, matope, mpaka Nyamira. Wiki nzima ameomba tusiwe tumeliziba. Akaing'oa sinia kwa mikono yake akampa Mong'ina, aliyekuwa amekuja na wanawake kupiga vigelegele. Kigelegele cha Mong'ina kilikatika katikati. Mokeira akaazima leso yake, akafunga gauni magotini, akaingia.

Njiani nilitazama kioo cha dereva, sikumwona bibi harusi. Niliona shela tu. Alikuwa ameinama, anatazama barabara na kucheka peke yake. Ombati alitufuata nyuma akipiga honi kwa furaha, nami nikampungia. Nililia mpaka kanisani. Niliwasha hata wipa, hazikusaidia.

Sinia ilioshwa, ikapakuliwa wali wa wageni wote. Mimi Mong'ina alinipakulia kwenye mfuniko wa sufuria kubwa. Nilikula mpaka nikauona mfuniko wenyewe. Mfuniko mzuri. Mpana.

Jumatatu, 11 Agosti

Kebirigo yote inaizungumzia Pijo. Ni ile kapeti, bila shaka! Hata Ombati amekiosha kile kipande chake na kukitandika ndani ya Prado. Wivu!

Mzee Omwenga anamwoza kijana wake Desemba na ameniomba nimbebe bibi harusi. Nimempigia Bosibori mara moja aniagizie kitambaa cha dari. Ameniuliza Pijo ni ya mwaka gani. Nimemjibu ni ya Desemba.

Dari nayo ina tundu, pale antena ya redio ilipoliwa na kutu. Owiti atataka kuchomelea, namjua. Hakuna haja. Nimeshapima. Mfuniko uko chini ya kitanda, na Mong'ina hajaanza kuutafuta.