Basi Linalodeka Kilimani na Mwanangu Anayeonewa

Kwa Bwana Meneja,
Mabasi ya Upepo Mwanana,
Kilifi.

Bwana Meneja mpendwa,

Pokea salamu kutoka hapa Kibarani. Mimi ni Kabibi, mama yake Sanga, fundi wako wa injini, yule mrefu mwenye meno mazuri. Nasikia umempa mpaka Ijumaa: aone ugonjwa wa basi la kutoka Malindi, au arudishe ovaroli aende zake. Shule mimi niliishia darasa la sita, lakini watoto nimelea wakaleleka, na malalamiko yangu nayatia nambari yasikuchoshe.

1. Basi lile haliumwi, linadeka. Gerejini linanguruma mpaka kuku wangu wanahama. Likishavuka daraja na kuanza kupanda Mnarani, nguvu zinaliisha, linakohoa, linazima. Likipumzishwa kidogo linawaka na kwenda zake kana kwamba si lenyewe. Nimelea mtoto wa namna hiyo: siku ya shule tumbo, siku ya sikukuu mzima. Aliyelidekeza ni dereva Kyalo, anayepapasa usukani akiliita "mpenzi". Naomba akanywe.

2. Sanga amebadilisha filta, amesafisha nozeli, amekagua pampu, amekaza kila mpira unaoweza kuvuta hewa. Akasema, "Dizeli haifiki." Nahashon, mkuu wa gereji, akamcheka mbele ya mautingo: "Wee Sanga, hilo hata muuza mahamri angelijua!" Kesho yake Nahashon huyo huyo akakwambia, "Bosi, dizeli haifiki," nawe ukamwita mtaalamu. Bwana Meneja, maneno ni yale yale. Kilichozidi ni kitambi.

3. Kama basi linachokea kilimani, mbona analaumiwa fundi na kilima hakisemwi? Iandikie serikali wakichonge. Wakikawia, abiria wakishavuka daraja washuke, wapande kwa miguu, basi liwafuate tupu. Wageni kule Watamu hulipa ili watembezwe juani. Hawa wako watatembezwa bure, na bado wananuna?

4. Sanga afanywe mkuu wa gereji, apewe kiti cha kuzunguka, na Nahashon amshikie tochi. Mtoto huyu hata shule hajaanza alifungua redio ya babake yote, skrubu kwa skrubu. Kuirudisha hakuweza, lakini mtaani kwetu nani angeweza?

5. Nimewaza sana, nikaona huu ni uhasidi. Pana mkono ulioingia basi lile kwa siri. Mwenye mkono huo atafutwe, awe nani awe nani, na asikanyage gereji yako maisha yake yote.

Nisalimie mkeo, wasichana wa tiketi, askari wa langoni na yule paka wenu mwenye jicho moja. Nahashon pia, ila yeye salamu ndogo.

Ni mimi nikuheshimuye,
Kabibi, mama yake fundi Sanga.

Tanbihi: Bahasha nilikuwa naifunga, Sanga akapiga simu. Alipuliza hewa kwenye mpira wa dizeli kurudi nyuma, akasikia kitu kinapapatika tangini. Kulishusha tangi, kumbe mna kipande cha leso! Injini ikitaka dizeli nyingi, leso inavutwa inaziba mdomo wa bomba. Ikizima, leso inaachia, inaelea. Akaniuliza kwa upole, "Mama, leso hii waijua?"

Nitakosaje kuijua? Ni ya mbeleko niliyombebea yeye. Siku alipolitengeneza basi lile peke yake niliwaletea samaki wa nazi, na mliponawa mikono nikaitumbukiza tangini, ili basi libebe watu kama nilivyombeba mwanangu, bila kumwangusha hata mara moja.

Basi ombi la tano lifute. La nne liache, maana ugonjwa umeonekana kabla ya Ijumaa, na aliyeuona ni mwanangu. Kipande hicho kifueni mkianike, nitakipitia mwenyewe Jumatatu, kwani nasikia siku hiyo mnapokea basi jipya.