Ombi la Kusajiliwa Kuwa Kipuri cha Ndege

Graz, Jumatatu, tarehe 17 Agosti

Kwa Mheshimiwa Mshauri wa Biashara, Konsuli wa Heshima, Daktari wa Heshima, Mhandisi Egon Pichlbauer,
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Ndege la Weissflug,
Uwanja wa Ndege, Graz.

YAH: HARUSI YA BINTI YANGU, NA MIMI KUWA KIPURI

Mheshimiwa Mshauri wa Biashara,

Naanza kwa kuomba radhi iwapo nimeruka cheo chako chochote. Uliponiajiri mara ya kwanza ulikuwa Bwana Pichlbauer tu, na bahasha ndogo ilitosha. Tangu hapo, kila shirika lako la ndege likifa wewe unaongezewa cheo kimoja, nami naongezewa kipindi kimoja cha majaribio.

Mimi ni Roswitha Zöhrer, mhudumu wa ndege, mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Nimekutumikia miaka ishirini na miwili, na kwa mujibu wa karatasi zako mimi ni mfanyakazi mpya. Jumamosi hii, tarehe 22, binti yangu wa pekee, Verena, anaolewa katika kanisa la kwetu Stainz saa tano asubuhi. Niliomba ruhusa ya siku moja. Ofisi ya zamu ilinijibu kwa mistari miwili: likizo za Agosti ni za wakongwe, na mimi ni namba 61 katika orodha ya watu 61. Siku hiyo nimepangwa kwenda Antalya na kurudi, kuondoka saa nne na nusu. Kengele za kanisa zitakapolia nitakuwa juu ya Balkani nikiwauliza watu kama wanataka kuku au tambi.

Bwana harusi anaitwa Minas, na ndiye anayesukuma ngazi za ndege katika uwanja wa kisiwa cha Karpathos, huko Ugiriki. Verena alishuka hapo kwa tiketi ya punguzo niliyomkatia mimi. Minas akawa anamtazama yeye badala ya kutazama ngazi, akaigonga ndege, tukachelewa dakika arobaini. Kwenye ripoti, mbele ya "sababu ya kuchelewa", niliandika "ngazi". Yeye na ukoo wake wote wanakuja Ijumaa kwa ndege yetu. Watu wote watafika harusini isipokuwa mimi, kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo.

1. Alpenstern. Hili lilikuwa shirika lako la kwanza, na nalilalamikia kwa sababu lilikuwa zuri. Tulikuwa na ndege moja ya viti mia na themanini, ambayo sisi wahudumu tuliiita Shangazi. Tuliwapeleka watu wa jimbo letu la Styria hadi visiwa vya Rhodes na Kos, wakala gulashi ya moto kwenye sahani za kauri, na tukitua walipiga makofi. Mimi nilikuwa namba 9 katika orodha ya ukongwe. Asubuhi moja ya Julai leseni ikafutwa, abiria mia na themanini wakiwa wamesimama kaunta na masanduku yao. Ukanipigia simu ukasema, "Bi Zöhrer, wewe ndiye roho ya shirika. Kaa nao hadi wa mwisho aondoke." Nikakaa nao saa kumi na moja. Bwana mmoja alinirushia kiatu cha kuogelea, cha kushoto, halafu akarudi kukiomba. Nilipopanda ghorofani kunywa maji nikakuta wenzangu wote wamekwisha kusaini mikataba na shirika lako la pili. Karatasi iliyobaki ilikuwa ya namba 34.

2. Sonnenvogel. Shangazi alipakwa rangi ya njano, na gulashi ikageuka mkate wenye jibini. Mimi, niliyekuwa nimeufungua mlango wa Shangazi mara elfu tatu, nikapelekwa kozi ya wiki tatu ya kufungua mlango wa Shangazi, kwa kuwa shirika ni jipya na mimi ni mgeni. Lilidumu miaka mitano. Lilipokufa simu ikalia tena, na kumbe bado nilikuwa roho ya shirika. Nilitoka kaunta siku ya pili, nikakuta namba 47. Wewe ulitoka na cheo cha Mshauri wa Biashara, kwa mchango wako katika uchumi wa taifa.

3. Blaumeise. Rangi ya buluu, na kindege kwenye mkia. Mwalimu wa kozi ya mlango alikuwa ameacha kazi, kwa hiyo ofisi ikaniomba niifundishe mimi. Nikafundisha. Kisha ofisi ikagundua kwamba mimi pia ni mwajiriwa mpya na sina cheti cha kozi hiyo. Basi nikajiandikisha, nikajisikiliza, nikajitungia mtihani na kuusahihisha. Nilijipa asilimia themanini na saba, kwa sababu swali la mwisho nililijibu kizembe.

Wakati huo ndipo fundi wetu Ferdl, aliyempaka Shangazi rangi zote hizo, aliponionyesha ukingo wa bawa palipobanduka. "Tazama, dada," akaniambia. "Juu buluu, chini yake njano, chini yake nyeupe ya Alpenstern. Huyu siku hizi anabeba rangi nyingi kuliko abiria. Tajiri akifilisika mara mbili tena, hapai huyu!"

4. Juhu! Ni ukelele wetu wa furaha; alama ya mshangao ni sehemu ya jina, na mkataba ulitukataza kuiacha. Hapo maji yaliuzwa, mito iliuzwa, na kukaa karibu na mkeo kuliuzwa. Bibi mmoja wa Leibnitz alinivuta mkono akaninong'oneza, "Mwanangu, na ule mlango wa dharura nao tunaulipia, au ni wa wote?" Nikamjibu kwamba kwa sasa ni wa wote. Kila tukitua tulitakiwa sisi wahudumu kupaza sauti "Juhu!" kwa pamoja, na tangu siku hiyo abiria wakaacha kupiga makofi. Shirika hilo lilipokufa nilisimama kaunta siku tatu. Nilipata namba 58. Wewe ulipata udaktari wa heshima kutoka chuo ambacho Ferdl na mimi tumekitafuta kwenye ramani hadi tukachoka.

5. Weissflug, yaani sisi wa leo. Shangazi sasa ni mweupe pepe, hana jina ubavuni, kwa sababu anakodishwa kwa shirika lolote lililopungukiwa ndege. Abiria amekata tiketi kwa shirika la Uholanzi, anaingia ndani anamkuta Roswitha wa Stainz. Tuna mfuko wa skafu nyuma ya jiko: ya kijani Jumatatu, nyekundu Jumanne, na ya madoadoa kwa Wabelgiji. Mwezi Julai niliwakaribisha watu kwa niaba ya mashirika manne ndani ya siku moja, na la nne nililisoma kwenye kiganja changu. Bwana mmoja alifoka, "Kwani hii ndege ni ya nani hasa? Nataka kuandika malalamiko!" Nikamwambia akijua anuani anipe na mimi.

6. Mpwa wako Timo. Huyu ndiye namba 1 katika orodha ya ukongwe. Ana miaka ishirini na mitatu, na alisaini wa kwanza kwa sababu mkataba ulichapwa jikoni kwa mama yake. Nimemfundisha kazi mimi mwenyewe, na si kijana mbaya. Tarehe 22 amepewa likizo ya kwenda kuendesha boti ziwani Wörthersee. Nilimwomba tubadilishane, akasikitika kweli. "Mama Roswitha, Mungu ananiona, ningependa," akasema, "ila boti nimeshaiwekea nafasi. Kwani harusi haiwezi kusogezwa?"

Mheshimiwa, hapa naomba niseme bila kuzunguka: nina uchungu. Verena alipopokea komunyo ya kwanza nilikuwa Antalya. Alipofaulu mtihani wa mwisho wa shule nilikuwa Hurghada, nikimsafisha mtoto wa mtu matapishi. Kila mara niliambiwa kuna aliye mkongwe kuliko mimi, na kila mara alikuwa mtu niliyemfundisha kufunga mkanda. Wiki iliyopita Verena alikuwa akipanga viti vya karamu. Akaniuliza, wala hakuwa na hasira, "Mama, nikuwekee kiti au nikutumie picha?" Nilikwenda kazini, nikafunga pazia la jiko la ndege, nikalia kuanzia Zagreb hadi Thesaloniki.

7. Sasa nafika kwenye ombi lenyewe. Katika mashirika yako yote matano kuna mmoja tu ambaye ukongwe wake haukuwahi kufutwa, naye ni Shangazi. Kila kipande chake kina kitabu, na kitabu hicho kinahama naye hata mkurugenzi akifilisika. Bawaba ya meza ya kiti 23C, ambayo haijawahi kufunga sawasawa, imefanya kazi katika mashirika matano na hakuna aliyewahi kuiambia kwamba ni ngeni. Haijapelekwa kozi. Haijawekwa kwenye majaribio. Na siku ya ukaguzi wake ikifika, sheria ya Ulaya inaamuru itolewe kwenye ndege na ipumzishwe, na hata mtu mwenye vyeo vinne hawezi kuirusha.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba nisajiliwe kuwa kipuri.

Fomu nimeshaijaza ili nisikusumbue. Aina: mhudumu. Mahali kinapofungwa: mlango wa mbele, kushoto. Uzito: kilo 71. Saa za kuruka: 17,640. Hitilafu zinazojulikana: goti la kulia. Tarehe ya ukaguzi ujao: 22 Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi. Mahali pa ukaguzi: kanisa la Stainz, na baadaye ukumbi wa zimamoto, ambako kutakuwa na saladi ya maharage na mafuta ya mbegu za maboga. Ferdl yuko tayari kutia saini. Alinitazama toka juu hadi chini akasema, "Nimeshapitisha vitu vibovu kuliko wewe, dada," nami nimelichukulia kuwa neno jema.

Faida kwako ni nyingi. Kipuri hakiombi Krismasi. Kipuri hakihitaji kozi ya mlango. Shirika likifa tena, kipuri kinabaki ndani ya ndege na kuuzwa pamoja nayo, kwa hiyo abiria wenye viatu vya kuogelea utawakabili wewe mwenyewe, au Timo. Ukinikatalia, naomba unieleze kwa maandishi ni kwa nini bawaba ya 23C ina haki ambazo mimi sina. Barua hiyo nitampa Verena aisome mbele ya wageni, mahali pa hotuba ya mama wa bibi harusi.

Nakusihi unijibu kabla ya Ijumaa. Msalimie mkeo, na mbwa wenu ambaye Blaumeise iliwahi kumwandika kuwa mkuu wa usalama. Wasalimie mawakili wako wanne. Msalimie Timo, naye avae jaketi la kuelea. Msalimie pia mfilisi wa mahakama, Dokta Haberzettl, ambaye kwa miaka hii yote amenizoea hadi hunitumia kadi siku yangu ya kuzaliwa.

Ni mimi, mfanyakazi wako mpya wa miaka ishirini na miwili,

Roswitha Zöhrer
Namba 61

N.B. Jumatano, tarehe 19. Barua hii ilikuwa bado mkobani leo asubuhi redio ilipotangaza kwamba Weissflug imefutiwa leseni tangu saa kumi na mbili. Simu yako ililia saa moja kasoro robo, na kwa mara ya kwanza sikupokea. Sina mwajiri, sina zamu, Jumamosi ni yangu yote. Nilimshika Verena kiunoni tukacheza polka jikoni. Tulikuwa tunaizunguka meza mara ya pili aliposimama ghafla akaniuliza, "Mama, sasa Minas anakuja na nini?"

Mheshimiwa Mshauri wa Biashara, Konsuli, Daktari, Mhandisi: bwana harusi yuko Karpathos na ndugu arobaini na watatu, padri mmoja, na jibini kilo hamsini. Meli zimejaa hadi tarehe 27. Ndege za wengine zimejaa, nimepiga simu kote, hata kwa Wabelgiji. Kwetu Styria ni desturi bibi harusi kuibwa na rafiki zake na kufichwa kilabuni, mpaka mume aje kumkomboa. Bwana harusi kuibwa na shirika la ndege ni jambo geni, na hatujui anakombolewa vipi. Minas mwenyewe amepiga simu mara tatu. "Mama," ananiambia, "ngazi nimeshazitoa. Zipo uwanjani zinangoja. Niambie tu inakuja rangi gani."

Kwa hiyo malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la saba, nayafuta, na fomu ya kipuri nimeichana. Nakuomba uanzishe shirika la sita, leo hii kama inawezekana. Jina lolote. Ferdl ana makopo mawili ya kijani na anasema ubavu mmoja utatosha. Nitasaini wa mwisho, nitaanza majaribio, nitafanya kozi. Ikiwa ndege haiwezi kuruka kabla ya Jumamosi, basi iruke Jumamosi yenyewe. Paroko wa Stainz amekubali kungoja hadi jioni, na Verena amesema mama hata akiingia kanisani na sare ya kazi hajali, mradi mume ameletwa. Ile likizo ya tarehe 22 siihitaji tena. Tafadhali nipange zamu.