Waraka wa Kutuliza Bahari ya Kaskazini

Kuanzia Jumatatu, mawimbi ya Bahari ya Kaskazini hayakuruhusiwa tena kuzidi mita moja na nusu. Waraka ulisema hivyo, tena ulikuwa na mhuri. Mitambo ya upepo huko baharini ilikuwa ikiharibika, mafundi wakichelewa kuifikia, na uchunguzi wa kina wa Ofisi ya Utulivu, pale Esbjerg, bandari ya Denmark, ulibaini kwamba tatizo ni manahodha kutazama maji. Sasa kimo cha mawimbi kingepangwa ofisini, saa mbili asubuhi. Macho ya nahodha hayakuwa kifaa kilichoidhinishwa.

Nahodha Gyda Thygesen alikuwa mkaidi. Mara mbili ofisi ilipanga mita moja na nukta nne, naye akageuza meli, eti kaona mbili na nusu. Kazi yake ilikuwa kuibana omo, yaani pua ya meli, kwenye mguu wa mnara wa mtambo, ili fundi wake, Ejnar, avuke kwa hatua moja hadi kwenye ngazi. Meli ikirukaruka, hatua hiyo huvunja mguu, na Gyda hakuwa tayari kumrudishia mke wa Ejnar nusu mume. Lakini akikataa mara ya tatu angenyang'anywa meli, akakate tiketi za feri. Miaka kumi na tisa kwenye usukani! Iliuma, jamani, iliuma sana.

Jumatano mkurugenzi wa Ofisi mwenyewe, Asger Munkholm, akaja kuonyesha mfano. Bahari ilikuwa shwari. Akavuka, akapanda, akasimama kwenye jukwaa la mnara kuhutubia juu ya ari ya kazi. Ndege shakwe walimsikiliza. Hotuba ilikuwa ndefu, na upepo ukageuka.

"Asger, teremka twende," Gyda akamwita redioni, meli keshaisogeza mbali kwa usalama.

"Una wazimu? Huyaoni hayo mawimbi?"

"Karatasi yako ninayo hapa. Mita moja na nukta nne."

"Karatasi gani, mama wee! Nayaona kwa macho yangu!"

"Macho yako yana mhuri?" Ejnar akadakia.



"Sishuki. Nakataa."

"Sema tena, tunarekodi."

"Nakataa! Andika mita tatu!"

Gyda akaandika: kukataa kwa mara ya tatu, aliyekataa ni Asger Munkholm. Mkurugenzi akakaa mnarani hadi kesho yake, akitafuna biskuti za dharura, na Gyda hakuondoka karibu naye.

Pale bandarini, aliyeboronga huleta keki, awe nani. Ijumaa Asger akaingia kantini na keki ya krimu, na kabla ya kuikata akasoma waraka mpya: kufuatia utafiti wa Ofisi katika eneo husika, imegundulika kwamba macho ya nahodha hupima mawimbi. Gyda hakutajwa popote.

"Utafiti huo ulichukua muda gani?" Gyda akauliza.

"Saa ishirini na mbili," Asger akajibu, akamkatia kipande kikubwa kuliko vyote.