Nyota Kubwa Haikai Peke Yake

Jumatatu, 20 Novemba 1995
Mshikaji! Redio imeniokoa. Eti nyota kubwa changa, zile zinazozaliwa kundi moja, nyingi sana zina mwenza. Zinazungukana. Kwa mbali unaona moja, kumbe mbili! Nimeruka nikagonga kichwa kwenye kenchi ya paa. Lazima Gaudiosa, yule ninayempenda, asikie. Amekuja huku Mbamba Bay kununua usipa, dagaa wetu wa ziwani, Jumamosi anarudi kwao Mpepai. Nikichelewa, basi tena.

Jumanne, 21 Novemba
Nimepata darubini ya mtumba! Nimebadilishana na tandiko la baiskeli. Sasa naendesha nimesimama.

Jumatano, 22 Novemba
Nimemwonyesha Gaudiosa zile nyota za Kilimia, nikamwambia zimeoana. Akaangalia weee! Akasema nyota anaziona nyingi, ila ndoa haoni hata moja. Nikamweleza ziko mbali mno, mbili zinaonekana moja. Shangazi yake, Mama Edina, akadakia kutoka jikoni: na mahari je, nayo iko mbali? Wakacheka. Nikacheka na mimi. Iliniuma.

Alhamisi, 23 Novemba
Akili imekuja! Mdogo wangu Kilian huvua usipa usiku kwa taa ya karabai. Kesho jioni mitumbwi miwili iende mbali, karabai mbili zikae karibu karibu. Kwa macho, taa moja. Kwa darubini, mbili! Kilian kaniita chizi. Kakubali lakini, kwa viatu vyangu vya Krismasi.

Ijumaa, 24 Novemba
Imefanikiwa! Gaudiosa kashika darubini, kaziona mbili. Kitenge chake kinanukia usipa wa kukausha. Nikaomba zile taa zisizimwe kamwe. Halafu akasema polepole, kweli, nyota kubwa haikosi mwenza. Moyo paa! Akaendelea: hata yeye, huku ziwani tunamwona peke yake, kumbe Mpepai yuko mchumba wake, Hyasinti, na mahari imeshapokelewa. Akanishukuru. Eti alikuwa hajui aniambieje, nimemrahisishia.
Karabai ziliendelea kuwaka. Kilian hakujua azime saa ngapi.

Jumapili, 26 Novemba
Jana lori lilimpandisha mlimani. Nimeangalia barabara kwa darubini mpaka vumbi likatulia. Na baada ya hapo bado nikaangalia. Ugali umenishinda.
Leo redio tena! Eti nyota kubwa nyingine haziko mbili. Ziko tatu. TATU, mshikaji!
Kesho asubuhi napanda Mpepai. Bila viatu, bila tandiko. Ungekuwa wewe, ungebaki nyumbani?