Benchi Letu Liko Ghorofa ya Tatu

Redio ya Shangazi muuza kahawa ndiyo iliyotuharibia asubuhi. Ilisema chumba cha kupimia ulemavu wa wafanyakazi walioumia kazini kimehamishiwa ghorofa ya tatu, ili madaktari wapate hewa safi. Lifti mbovu, ikaongeza kwa furaha, itashughulikiwa.

Wote tukamtazama Winchi. Alikuwa mpakuaji mizigo kwenye ghala la vyuma mpaka nondo zilipomwangukia zikamvunja paja. Sasa anatembelea magongo, na zamu yake ya kupimwa ilikuwa kesho yake. Asipotokea, madai yake ya fidia yanafutwa.

"Kwa hiyo nikipanda, watasema mguu mzima," Winchi akasema. "Nisipopanda, watasema sikuja."

"Tulia, sheria ipo," akasema Hakimu. Tunamwita hivyo kwa sababu alikuwa bawabu wa mahakama, na hudai sheria zote zilipita mlangoni kwake. "Panda, lakini panda vibaya. Kila ngazi, lia."

"Amlilie nani? Daktari yuko juu anapunga upepo," akasema Msumari fundi viatu, bila kuinua uso kwenye soli.

"Basi abaki chini, atoe ushahidi kwa sauti."

"Ushahidi wa mguu kwa sauti? Hakimu, ule mlango ulikuwa unaufungua kwa kichwa?"

Shangazi akamwaga mashapo. "Wangepanda juu ya paa kabisa. Anayefika si mlemavu, asiyefika hana shida. Watu wote wanapona bila dawa."

"Tumbebe," nikasema mimi.

"Kwa machela ipi?" Hakimu akauliza.

"Kwani mmekalia nini?" akasema Shangazi.

Kesho yake tukambeba Winchi juu ya benchi letu. Sisemi uongo, ngazi zile zilikuwa zinaongezeka kadiri tulivyopanda. Ghorofa ya pili nilimwona marehemu babu yangu akinipungia mkono, nikamwomba anisubiri kidogo.

"Winchi," Hakimu akahema, "nondo zilikuangukia, au ulizimeza?"

Daktari alikuwa kijana nadhifu. Akamtazama Winchi aliyeketi, akatutazama na sisi tuliomwagika sakafuni. Akaandika, kisha akasoma: "Mguu umeharibika. Ila amefika ameketi vizuri, halalamiki. Anafaa kazi ya kukaa. Fidia hakuna."

"Kazi ya kukaa ipi, daktari? Mimi najua kubeba tu."

"Hilo si la kitabibu."

Hakimu akataka kutaja kifungu, pumzi ikamgomea. Tukainama kulishika benchi. Winchi akatuzuia kwa gongo.

"Liacheni. Nimepewa kazi ya kukaa, na mimi si mvivu. Naanza leo."

Akakaa mlangoni pa daktari, mguu mbovu kaunyoosha katikati ya njia, kila anayeingia anauruka. Wakati wa kufunga ofisi, mlinzi akamwambia ashuke.

"Nikishuka mwenyewe mtasema nimepona," akajibu. "Nibebe."

Mlinzi akazitazama ngazi, akaenda kumtafutia blanketi.

Yuko huko hadi leo. Msumari humpandishia chakula, maana ndiye pekee kati yetu ambaye kiuno chake bado kinamtii. Walioumia wanaofika juu humuuliza Winchi kabla ya daktari, naye ana ushauri mmoja tu wa kisheria: njoo na benchi lako. Korido imeanza kujaa. Sisi huku chini tunakunywa kahawa tumesimama, kama watu wanaosubiri maiti itolewe.

Jana akaja karani. Daktari anaomba, alisema, tukalichukue benchi letu na mtu wetu, halafu madai yatatazamwa upya.

Hakimu akajishika kiuno. "Kisheria, hapo..."

"Nyamaza," akasema Shangazi, akamgeukia karani. "Fidia ikipitishwa, tutapanda. Kabla ya hapo, mwambie daktari amshushe mwenyewe. Si ndiye mwenye hewa safi?"